Povu kwenye mkojo, uvimbe usoni: chujio la figo linapoharibika

Haya ni mazungumzo ya afisa wa kliniki anayehudumia wagonjwa wa figo, aliyoyatoa mbele ya wahudumu wa afya ya jamii na wakazi wa Meru na Embu. Tumeyapunguza kidogo ili yatoshee ukurasani.



Najua wengine mmeacha majani ya chai yakingoja kuchumwa, kwa hiyo sitaanza na maneno ya vitabuni. Nitaanza na mama mmoja. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, anauza nguo sokoni. Uso ukaanza kuvimba asubuhi. Wenzake sokoni wakampongeza, wakasema amenona, biashara imemkubali. Baada ya wiki kadhaa miguu nayo ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Akaenda duka la dawa, akapewa tembe za kutoa maji mwilini. Uvimbe ukashuka, ukarudi. Akapewa tena. Jamaa za mume wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu aliyemfanyia kitu. Ikapita miezi saba.

Alipofika kwetu nilimwuliza, "Mama, mkojo umewahi kupimwa?" Akajibu kwamba mara ya mwisho ni alipokuwa mjamzito. Tulichovya kile kijiti cha karatasi kwenye mkojo wake, tukahesabu dakika moja. Rangi ilikwenda mpaka mwisho wa kipimo, protini plus tatu. Miezi saba ya kuhangaika, na jibu lilikuwa ndani ya kikombe cha mkojo siku zote hizo. Nitarudi kwa mama huyu, kwa sababu chanzo cha shida yake kilikuwa ndani ya mkoba wake.

Kila mmoja wetu hapa ana chujio la chai jikoni. Majani hubaki juu, chai hupita. Chujio likitoboka, majani yanaelea kikombeni na wageni wanaona. Figo nayo ina machujio, lakini ni madogo mno hata huyaoni kwa macho. Kila figo ina takriban milioni moja. Wataalamu huyaita glomeruli. Kwa siku moja machujio hayo hupitisha maji ya damu yapatayo lita 180, na karibu yote hurudishwa mwilini, kinachobaki kama mkojo ni lita moja au mbili tu. Kazi ya chujio ni kuacha uchafu na maji yapite, na kuzuia damu na protini zisipite.

Chujio likiharibika, protini inatoka na mkojo. Ndiyo maana mkojo unatoa povu jingi kama maji ya sabuni, povu ambalo halipotei hata ukingoja. Protini hiyo ndiyo inayoshika maji ndani ya mishipa ya damu. Ikipungua, maji yanavuja na kujaa kwenye nyama ya mwili. Usiku umelala, yanakusanyika usoni, kuzunguka macho. Mchana umesimama sokoni au shambani, yanashuka miguuni. Wakati mwingine chujio linaumia kwa njia nyingine, damu ndiyo inapita, na mkojo unakuwa na rangi ya strungi. Huyo naye asikae nyumbani.

Sasa, nikisema ugonjwa wa figo, wengi wenu mnafikiria kisukari na presha. Ni kweli, hayo mawili yanaharibu figo za watu wengi sana, na mmefundishwa mara nyingi. Leo sikuja kwa ajili ya hayo. Kuna magonjwa ambayo huanzia kwenye chujio lenyewe. Mgonjwa hana kisukari, hajawahi kuambiwa ana presha, na mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini, thelathini, arobaini. Presha huja baadaye, ikiletwa na figo. Hawa ndio wanaotuponyoka, kwa sababu hakuna anayewatazamia.

Magonjwa haya ni zaidi ya moja, na kwa nje yanafanana. Watu watatu wanaweza kuingia kliniki wakiwa wamevimba sawasawa, mkojo wote una protini plus tatu, lakini ndani ya figo kila mmoja ana ugonjwa wake. Wa kwanza, chujio likitazamwa kwa hadubini ya kawaida linaonekana zima kabisa. Huo tunauita ugonjwa wa mabadiliko madogo, na wengi wa wenye ugonjwa huo hupona kwa dawa ya prednisoloni, ingawa mtu mzima huchukua muda mrefu kuliko mtoto, hata miezi mitatu au minne. Wa pili, baadhi ya machujio yana makovu sehemu sehemu. Huyo dawa hiyo hiyo humsaidia kwa shida zaidi, na wengine haiwasaidii. Wa tatu, ukuta wa chujio umekuwa mnene, na hapo lazima tutafute kama kuna kitu nyuma yake, kwa mfano homa ya ini ya aina ya B.

Njia ya kuwatofautisha ni biopsi. Mgonjwa hulala kifudifudi, anadungwa ganzi mgongoni, daktari anaitazama figo kwa mashine ya ultrasaundi na kuchota kwa sindano kipande chembamba kama kipande cha uzi. Baada ya hapo mtu hulala kitandani saa kadhaa akiangaliwa asivuje damu. Watu huogopa, wakidhani figo inakatwa. Haikatwi.

Kipande hicho kinahitaji mtaalamu wa figo wa kukichota na mtaalamu wa maabara aliyezoea kukisoma, pamoja na rangi na vifaa maalumu. Kwa muda mrefu kazi hiyo imekuwa ya Nairobi. Kwa hiyo ukisoma kwamba "Kenya ugonjwa huu wa chujio ndio mwingi na ule ni mchache," ujue unasoma habari za watu waliofika Nairobi wakiwa bado na figo inayofaa kuchunguzwa. Waliobaki Mutuati, Kiritiri au Siakago hawamo kwenye hesabu hiyo.

Hata hivyo hesabu zilizopo zinatufundisha mambo. Mwaka 2016 yalichapishwa mapitio yaliyokusanya biopsi za figo zaidi ya 12,000 kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ugonjwa wa mabadiliko madogo na ule wa makovu ya sehemu sehemu ulionekana kila mmoja kwa wagonjwa kama 16 katika kila 100. Ugonjwa uitwao nefropathi ya IgA, ambao huko China, Japani na Ulaya ndio unaoongoza, haukufika watatu katika 100. Maana yake ni kwamba hatuwezi kuchukua kitabu cha Tokyo au London na kukifuata mstari kwa mstari hapa kwetu. Na ukiangalia tena, ule wa kwanza ni ule unaosikia dawa. Sehemu nzuri ya watu wetu wana ugonjwa unaotibika, ikiwa watafika.

Utafiti wa zamani ninaoupenda zaidi ni wa hapa hapa nyumbani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu watu wazima 60 waliovimba kwa sababu ya kupoteza protini kwenye mkojo. Walifanya jambo ambalo sisi husahau: waliwauliza wagonjwa wanajipaka nini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Kati ya wagonjwa wengine wa kawaida wa wodi, waliokuwa wakizitumia walikuwa kama mmoja kwa kila tisa tu. Na wengi wa walioacha krimu, mkojo wao ulirudi kuwa safi.

Zebaki hupenya ngozi, huingia kwenye damu, na figo ndiyo inayoikusanya. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, ndiyo maana mtu anaona "inafanya kazi." Huku chujio linaumia kimya kimya. Na haibaki kwa aliyejipaka pekee. Inashika taulo, shuka na mto, na mtoto anayebebwa kifuani anaipata.

Mtasema hayo ni mambo ya 1972. Ningefurahi kama ingekuwa hivyo. Shirika la viwango la KEBS limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na dunia nzima ilikubaliana katika Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, kuviondoa sokoni. Lakini yule mama wa nguo, nilipomwuliza anatumia mafuta gani, alinyamaza kwanza. Kisha akafungua mkoba akatoa kikopo kisicho na anwani ya kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Alikuwa amekitumia karibu mwaka mzima. Hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakudhani mafuta ya uso yana uhusiano wowote na miguu kuvimba. Ningekuwa yeye, nisingedhani pia.

Aliacha krimu, akapewa dawa za kupunguza protini na za kutoa maji, akapunguza chumvi. Haikuwa haraka. Mwezi wa kwanza karibu hakuna kilichobadilika, na alinipigia simu akilalamika. Kufikia mwezi wa sita kijiti hakikubadilika rangi tena. Bado anauza nguo.

Nimewaeleza habari yake ili msinisikie vibaya nikisema kwamba sikuja hapa kuhukumu mtu kwa rangi anayotaka. Mhudumu akimkaripia mgonjwa, mgonjwa ataficha kikopo. Akikificha, tutampa dawa kali bure na figo itaendelea kuharibika.

Mgonjwa wa pili ninayetaka mmjue ni kijana wa bodaboda. Yeye aliona povu kwa miaka miwili. Alidhani ni kwa sababu anakunywa maji kidogo barabarani. Hakuvimba sana, kwa hiyo hakujali. Alikuja akiwa na kichwa kinachopasuka na presha ya 210 kwa 130, anatapika, damu imepungua. Kwenye ultrasaundi figo zake zilikuwa zimenywea, ndogo kama za mtoto. Figo ikifika hapo hatuifanyii biopsi tena. Ni kovu tupu, haitatueleza chochote, na kuidunga ni kumhatarisha mgonjwa bure. Kwa hiyo ugonjwa uliommaliza hatutaujua kamwe. Huenda ulikuwa ule unaopona kwa tembe za miezi minne. Huenda haukuwa. Sasa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, na pikipiki ameiuza.

Mashine hizo tunazo karibu siku hizi. Tangu mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilipoanza mpango wa vifaa vya hospitali za kaunti, wagonjwa wa Meru na Embu hawalazimiki tena wote kwenda Nairobi kusafishwa damu. Ni hatua kubwa, na nashukuru. Lakini mashine ni mwisho wa barabara. Nauli ya kutoka Mutuati mara mbili kila wiki, maisha yote, haiko kwenye bima yoyote.

Niguse upesi vyanzo vingine ambavyo lazima vitafutwe kabla ya kusema ugonjwa umeanzia kwenye chujio. Virusi vya Ukimwi vinaweza kuharibu chujio, na dawa za ARV husaidia figo pia, kwa hiyo kipimo ni lazima. Homa ya ini B ni hivyo hivyo. Watoto wa Kenya walianza kupata chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwishoni mwa mwaka 2001, basi nyinyi mliozaliwa kabla ya hapo, wengi hamkuchanjwa, mnaweza kupimwa na kuchanjwa hata sasa. Ugonjwa wa lupasi huwapata zaidi akina mama vijana, pamoja na maumivu ya viungo na vipele usoni. Koo au vidonda vya ngozi vyenye usaha vinaweza kufuatwa na mkojo mwekundu baada ya wiki moja hadi chache. Na kuna malaria ya aina ile inayorudisha homa kila baada ya siku tatu. Profesa Kibukamusoke wa Makerere, Uganda, aliandika kitabu kizima mwaka 1973 kuhusu namna malaria hiyo inavyoharibu chujio. Leo hatuioni kama zamani, lakini wenzetu wa Mbeere na nyanda za chini wanajua homa ya malaria haijaisha.

Dawa za maumivu nazo. Mtu amelima siku nzima, mgongo unauma, ananunua diklofenaki au ibuprofeni dukani, kesho tena, keshokutwa tena. Dawa hizi zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa watu wachache zinaharibu chujio lenyewe. Siku moja moja kwa mtu mzima wa afya si neno. Kila siku kwa miezi ni hatari, na kwa mtu aliyevimba hazifai kabisa.

Kila nikizungumza Maua au Runyenjes naulizwa kuhusu miraa na muguka. Sina ugomvi na mkulima yeyote hapa. Ninachojua ni kwamba miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo unapoitafuna, na mgonjwa mwenye chujio bovu anatafuta presha ishuke. Kwa huyo, namshauri aache. Asipende shauri langu, angalau asinifiche.

Sasa nyinyi wahudumu. Mkoba mliopewa una mashine ya presha na kipimo cha sukari. Vizuri sana. Mkojo utapimwa zahanati. Ukikutana na mtu uso umevimba asubuhi, au miguu inabonyea ukiibonyeza kwa kidole na shimo linabaki, au anasema povu halipotei, au mkojo ni rangi ya strungi, au kijana wa miaka ishirini na tano ana presha ya 160, usimwambie anywe maji mengi asafishe figo. Aliyevimba maji tayari yamemzidi. Usimwambie ale mayai na nyama maradufu kurudisha protini. Hairudi kwa njia hiyo, chakula cha kawaida kinamtosha. Mwambie apunguze chumvi, pamoja na ile iliyofichwa kwenye viungo vya pakiti na krisi, na umpeleke akapimwe mkojo siku hiyo au kesho yake. Uvimbe unaweza kutoka kwa moyo au ini pia, lakini kijiti kile ndicho kinachotuonyesha tuanzie wapi.

Na wewe mwananchi, ukipewa tembe za kutoa maji bila mkojo kupimwa, uliza kwa heshima: "Daktari, naomba mkojo wangu upimwe protini." Ni haki yako. Akina mama angalau hupimwa kliniki wakiwa wajawazito, na matokeo yako kwenye kijitabu. Lakini ninyi akina baba! Wangapi hapa mmewahi kupimwa mkojo tangu mmalize shule? Naona mikono mitatu.

Ukiambiwa uende Nairobi kwa biopsi, nenda mapema, uvimbe ungali mpya. Kabla ya siku hiyo hakikisha umejisajili na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na umelipa mchango wako, maana mtu akianza kujisajili akiwa kitandani, familia inahangaika mara mbili. Ukiandikiwa prednisoloni, usiiache ghafla kwa sababu uso umekuwa mviringo au jirani amekuambia ina sumu. Kuiacha ghafla kunaweza kukuangusha. Rudi kwetu, tutaipunguza hatua kwa hatua. Ukianza kukohoa au kupata homa ukiwa unaitumia, rudi siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hii hupunguza kinga na kifua kikuu hupata nafasi.

Jambo la mwisho kabla ya maswali yenu. Mnapokuja kliniki njooni na kila kitu mnachotumia. Tembe, dawa ya mitishamba kwenye chupa, mafuta ya uso, sabuni, hata kile kikopo mnachoona aibu kukitoa. Vitandazeni mezani, tutavitazama pamoja mlango ukiwa umefungwa. Haya, yule mzee wa nyuma aliyeinua mkono kwanza, karibu.